Kilemba Kimoja cha Nyamizi

Sogeeni karibu, na anayejua jibu kabla ya swali anyamaze kwanza.

Katika ukoo mmoja wa Urambo palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Kapela alikuwa na kumbukumbu: alichokisoma mara moja hakikumtoka. Shangazi Tausi, aliyepika miaka mingi katika nyumba ya madaktari wa kigeni, alikuwa na mkono wa kazi na sauti ya kuamrisha. Na mwanawe Msabila, fundi wa simu, alikuwa na sikio: kosa dogo la msemaji lilimkera kama mchanga kwenye wali. Wa nne alikuwa Nyamizi, mdogo wake Kapela. Wapo wanaosema yeye hakuwa na kipaji. Hilo tutaliona.

Nyamizi alitaka kuwa mkunga. Chuo kilifanya usaili kwa Kiingereza, na mara ya kwanza vitenzi vilimwangusha. Akisimulia habari za mama mmoja aliyejifungua, mambo ya jana aliyasema kama ya leo. Msaili mmoja alicheka waziwazi, akamuuliza kama huyo mama anayemsimulia amekwisha kujifungua au bado yuko kwenye uchungu. Nyamizi alirudi nyumbani na kicheko kile kifuani kama kaa la moto.

Kapela alimchukua kwanza, akamweka penye kinu atwange.

"Kwetu kitenzi kinabeba kila kitu," alimwambia. "Ukisema nilikwenda, mtu yumo, wakati umo. Kwa Mwingereza mtu anasimama nje, na kitenzi chenyewe ndicho kinachobadilika sura kuonyesha wakati."

"Kinabadilikaje?"

"Vingi vinafuata kanuni. Vingine havina kanuni wala aibu. Hivyo utavikariri."

Akamkaririsha go na went, hold na held, kwa mdundo wa mchi, mpaka jirani akauliza kama wameingia dini mpya.

Lakini kukijua kitenzi si kukisema. Shangazi Tausi akamhamishia jikoni kwake, akapiga marufuku Kiswahili. Kabla ya kazi, Nyamizi aliitaja itakayofanyika. Mkono ukiwa kazini, aliitaja inayofanyika. Chungu kikiepuliwa, aliitaja iliyokwisha kufanyika. Akinyamaza, hapewi chakula.

"Shangazi, nina njaa," alisema siku moja.

"Sisikii," Shangazi alijibu kwa Kiingereza, akafunika sufuria.

Vitenzi vikashuka kutoka kichwani vikaingia mikononi. Hata hivyo, akisema haraka alikosea. Hapo ndipo Msabila alipoingia. Kwao binamu ni mtani wa kuitana mume na mke, na mtani hakasirikiwi. Kila Nyamizi alipopita kwenye kibanda chake cha simu aliitwa asimulie habari za siku hiyo kwa Kiingereza, mbele ya wateja.

"Mke wangu, umerudia: did went," Msabila alimwambia. "Jana umeshaiweka kwenye kitenzi kisaidizi, unaiweka tena kwenye kitenzi chenyewe. Umevaa kofia mbili, na jua lenyewe halipo."

Wateja wakacheka. Nyamizi akatabasamu kama desturi inavyotaka. Alipofika nyumbani aliupiga mlango teke. Lakini kosa lile hakulirudia.

Katika usaili wa pili alimkuta msaili yuleyule, naye akamtaka asimulie jambo alilowahi kulifanya. Nyamizi akasimulia kwa Kiingereza kwamba alimkuta mama mmoja njiani ana uchungu, akamshika mkono, hakumwacha, na mtoto akatoka analia. Safari hii hakuna aliyecheka. Akapokelewa chuoni.

Sasa, katika ukoo huo anayehitimu jambo humfunga mwalimu wake kilemba mbele ya watu. Kilemba ni kimoja. Hakigawanywi wala hakirudiwi. Anayefungwa, neno lake kwa mwanafunzi linakuwa na uzito wa neno la mzazi, maisha yote. Kalunde, mama yake Nyamizi, alinunua kitambaa cheupe, akapika pilau, akaita watu. Kosa lake ni kwamba hakumuuliza binti yake atamfunga nani. Kapela akaja amenyoa. Msabila akaja na kanzu mpya. Shangazi Tausi, ambaye hakuwahi kuonekana bila mtandio, akaja kichwa wazi. Walipotazamana wakaelewa.

"Hayo maneno nani alimpa?" Kapela aliuliza. "Bila mimi angesimulia kwa kitu gani?"

"Maneno yako yalikuwa yamelala," Shangazi alisema. "Mimi ndiye niliyeyaamsha. Nilimnyima chakula mtoto wa kaka yangu, halafu nikalia peke yangu jikoni."

"Mama, mdomo wake uliufungua, yakamwagika makosa," Msabila alisema.

"Wewe ulimtukana tu," Shangazi alisema.

"Nilimcheka mimi ili wasaili wasimcheke."

Kapela akasema kilemba kikienda kwingine, mlango ule hataukanyaga tena. Shangazi akasema hata yeye. Msabila alikwenda mlangoni akavaa viatu.

"Funga, mwanangu," Kalunde alisema. "Wali unapoa."

Nyamizi akakichukua kitambaa. Kaa lile la usaili wa kwanza lilikuwa limewaka tena.

"Nimewasikia," alisema. "Aliyelala na njaa ni nani? Aliyechekwa kibandani ni nani? Mbele ya yule msaili nilikuwa peke yangu. Hakuna hata mmoja wenu aliyenitaja. Kwa nini nisijifunge mwenyewe?"

"Mwanafunzi hajifungi," mama yake alisema. "Anayejifunga anawaambia watu hakufundishwa."

"Mimi sijasema hivyo."

"Kitambaa kitasema."

Wapo wanaosimulia kwamba alikichana vipande. Si kweli. Alisimama amekinyoosha kwa mikono miwili, macho makavu, na hakuna aliyekuwa ameonja pilau.

Basi ninyi mliosikia: vitenzi vilikaririwa, vikatendwa, vikasahihishwa, vikasemwa, na kichwa cha kufungwa ni kimoja. Kama kitambaa kingekuwa mkononi mwako, na watu hawa wote wangekuwa wako, ungemfunga nani?