Mbwa wa Bei ya Mtamba

Hapo zamani, wakati ukungu wa milimani ulikuwa haujajifunza kuondoka mapema, fisi waliingia mazizini asubuhi kweupe na hakuna aliyewaona mpaka mbuzi alie. Mbwa wa kawaida walifyata mkia. Mbegu moja tu haikukimbia: mbwa wa rangi ya majivu, kifua kipana, masikio yamesimama. Mbegu hiyo, safi bila kuchanganywa, ilikuwa kwa watu wawili. Mzee Righa alikuwa na dume. Mama Mkamburi alikuwa na jike.

Jike likizaa, desturi ilikuwa hivi: mwenye dume huchagua mtoto mmoja kabla ya mtu mwingine yeyote, na waliobaki ni wa mwenye jike. Lakini hachagui mpaka watoto waache ziwa, wawe wamelala zizini na mama yao, wazoee harufu ya mbuzi.

Msimu huo jike lilizaa. Mkamburi akasema, mtoto wa mbwa ni mbuzi wawili. Righa akasema, wangu ni mtamba mzima, ng'ombe jike ambaye hajazaa.

Palikuwa na msichana, Wakesho, ambaye mama yake alimwachia mbuzi wachache na mtamba mmoja, akafariki. Wakesho hakutulia. Akila, anasikiliza nje. Akichota maji, anageuka nyuma. Akaenda kwa Righa.

"Baba, hawa si ndugu wa tumbo moja?"

"Wa tumbo moja."

"Na baba yao si mmoja?"

"Mmoja, na yuko hapo anakutazama."

"Basi mbona kwa Mama Mkamburi ni mbuzi wawili na kwako ni mtamba?"

"Kwa sababu mimi nachagua, mwenzangu anauza masazo. Nakagua meno, nakagua miguu, napiga kofi nione nani anashtuka. Na mimi nauza pamoja na neno langu: mbwa wangu akimkimbia fisi, mtamba wako anarudi. Kamuulize Mkamburi kama anauza na neno."

Akaenda kwa Mkamburi. Mkamburi akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mimi nauza mbwa, mwanangu. Jike langu limekula maini na mayai tangu lishike mimba. Huyo shemeji yangu alileta dume lake mchana mmoja, likanywa uji wangu, likaenda zake. Lakini kama unataka neno, nenda kanunue neno."

Wakesho akapima. Mbuzi wawili, bila neno. Mtamba, pamoja na neno. Akachagua neno.

Ila kungoja hakuweza. Leo kwa Righa: "Baba, tayari?" Kesho kwa Righa: "Baba, tayari?" Keshokutwa yuko mlangoni kabla kuku hawajatoka. Righa akachoka. Akamwendea Mkamburi, watoto wamefumbua macho juzi tu.

"Shemeji, bado wananyonya," Mkamburi akasema.

"Msichana huyu atanimaliza. Nipe sasa, na safari ijayo nitakuletea dume bure, mtoto sichukui."

Mkamburi akanyamaza. Akampa.

Wakesho akatoa mtamba, akapokea mbwa. Sasa sikilizeni vizuri. Mbwa wa mbuzi wawili hulala zizini. Je, mbwa wa mtamba atalala zizini? Akipigwa na baridi? Akikanyagwa na beberu? Wakesho akamlaza ndani, kwenye ngozi yake mwenyewe ya kulalia, akamlisha kwa mkono. Mbuzi wakilia nje, mbwa anainua sikio moja, kisha anarudi kutazama chungu.

Akakua, kifua kipana, masikio yamesimama. Ndipo Wakesho akampeleka zizini. Asubuhi moja ya ukungu fisi wakaja. Mbwa akawaona. Mbwa akakimbia, akaingia uvunguni mwa kitanda. Zizi likabaki tupu. Kwa jirani, ndugu yake aliyenunuliwa kwa mbuzi wawili alisimama mlangoni, na fisi wakapita mbali.

Wakesho akaenda kwa Righa. Mtamba alikuwa ameshazaa, anakamuliwa.

"Baba, mbwa wako amekimbia. Ulisema mtamba anarudi. Hukusema labda."

"Nilikuuzia mlinzi, ukalea mgeni! Mbwa anayelala na mtu atajuaje mbuzi? Na nani aliyenisumbua nimtoe kabla ya wakati? Halafu ndama huyu amekua kwa majani yangu."

Mkamburi akasikia kelele, akaja.

"Mtoto angebaki kwenye ziwa, asingekimbia. Mnajua desturi. Kabla hajaacha ziwa, ni wa mwenye jike. Shemeji, uliuza kisicho chako, kwa hiyo ng'ombe huyu ni wangu. Na hilo dume la bure, mbona silioni?"

"Lakini ulimtoa mwenyewe, mama," Wakesho akasema. "Ulinyamaza."

"Nilinyamaza kwa ahadi yake, mwanangu. Kama wewe ulivyonunua."

Basi wako hapo. Righa ameshika kamba. Mkamburi ameziba mlango wa zizi. Wakesho ameshika pembe, na haachii, kwa sababu akiachia anarudi kwenye nyumba isiyo na mbuzi, isiyo na maziwa, yenye mbwa mmoja uvunguni. Ndama ananyonya, hana habari na mtu.

Mmoja alitoa neno akakiuka desturi. Mmoja aliijua desturi akanyamaza. Mmoja alilipa ghali, na kwa ule ughali akamharibu mbwa. Nanyi mnaonisikiliza, msiniambie wagawane, ng'ombe hagawanywi akabaki hai. Je, nani alistahili kuondoka na ng'ombe yule, na ndama amfuate nani?