Meno ya Bi Henriette

Hapo zamani, na asiyetaka kuamini ainuke sasa hivi aende zake, maana mimi nikishaanza sisimami mpaka mwisho. Si zamani za babu yako alipokuwa na nywele. Zamani za juzijuzi tu, baada ya mfungo na kabla ya mvua. Nasema tena, ainuke! Mbona hakuna anayeinuka? Haya, vizuri. Mimi shule niliikimbia darasa la saba kabla haijanikimbia yenyewe, kwa hiyo sina elimu ya kutunga. Ukinishika nimeongopa mahali, hata padogo kama punje ya mtama, nikate sikio ukalitie kwenye mchuzi.

Palikuwa na bibi, na bibi alikuwa na meno, na meno hayakuwa yake.

Bibi jina lake Henriette. Alishuka Mombasa kutoka kwenye meli ya watalii, meli nyeupe, ndefu kama mtaa mzima. Mbelgiji, umri miaka themanini na mmoja, lakini alizaliwa Lubumbashi akakulia huko mpaka akavunja ungo. Kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho, ila kile cha Kongo, ambacho Mmvita wa Mombasa akikisikia hucheka kwanza ndipo aelewe.

Humo melini Bi Henriette alikuwa muimbaji. Walikuwa kina bibi ishirini wenye kwaya yao, na kila bandari waliyotia nanga waliimba juu sitahani, saa moja kabla ya kuondoka. Siku hiyo wangeimba saa kumi alasiri.

Nje ya lango la bandari palikuwa na steji ya tuktuk, na kwenye steji palikuwa na kijana anaitwa Famau. Mzuri wa sura, hodari wa usukani, na mdomo wake haukuwa na breki. Miaka mitano nyuma Famau aliwaambia wenzake kwamba ameshapanda meli kama ile, ameshakunywa chai na nahodha. Wakamuuliza, ndani kuna nini? Akasema kuna bwawa la kuogelea. Wakanyamaza. Akaona wamenyamaza, akaongeza: kuna sinema. Wakanyamaza zaidi. Hapo ndipo alipoharibu, akaongeza: na kuna ng'ombe sita wa maziwa, ya chai.

Tangu siku ile jina lake likawa Nahodha. Meli ikiingia, steji nzima humpigia kelele: "Nahodha! Ng'ombe wamekamuliwa?" Miaka mitano! Kijana anakula anaulizwa ng'ombe, anaswali anatoka msikitini anaulizwa ng'ombe. Katika dunia hii Famau alitaka kitu kimoja tu: akanyage ndani ya meli, hata dakika kumi, mbele ya macho ya watu.

Basi Bi Henriette akatoka langoni, kofia ya ukili kichwani, akamkuta yeye.

"Shikamoo, Bibi!"

"Ndiyo, baba," Bibi akajibu. "Mi nataka kuona muji. Lakini saa kumi mi iko na kazi ya kuimba. Utanirudisha?"

"Bibi, usiwe na wasiwasi. Saa yenyewe hunitazama mimi ndipo ijue ni ngapi."

Wakazunguka. Kwenye Ngome akamwambia, "Ukuta huu aliujenga babu yangu kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umeshika kikombe cha kahawa." Kwenye zile pembe kubwa za barabarani akamwambia, "Ndovu mwenyewe yuko chini, amelala. Ndiyo maana barabara ina matuta." Mji wa Kale, Bibi akasimama kila penye mlango wa nakshi, akapitisha kidole kwenye maua ya mbao, polepole, kama anayesoma.

"Baba Famau, iko unadanganya sana," akasema akicheka.

"Kidogo tu, Bibi. Kwa heshima yako."

Jua lilipopita utosini njaa ikawauma. Famau akampeleka kwa Mishi.

Mishi alikuwa akiuza viazi vya karai na kashata kwenye kichochoro nyuma ya Ngome. Meza moja, benchi moja, karai moja, ulimi mmoja, na huo ulimi ndio uliokuwa mkali kuliko ukwaju wake.

"Karibu, Bibi. Weye Nahodha, leo umeleta mtu au umeleta ng'ombe?"

"Mishi, nipe viazi, matusi nitachukua nikiondoka."

Wakala. Bibi akachovya kiazi kwenye ukwaju, akafumba macho. Kisha, huku akijilamba vidole, akatoa kadi ya bluu mkobani. Akaeleza kwamba kila muimbaji anayo moja. Muimbaji mmoja, mgeni mmoja. Mgeni hupanda melini, huketi mbele, hula keki, huonyeshwa meli yote, kisha hushuka kabla haijaondoka.

"Mi bado sina mugeni," akasema.

Famau akaacha kutafuna. Kiazi kikakaa shavuni kama jino linalouma.

"Mpe Nahodha," Mishi akasema, "akawasalimie ng'ombe wake."

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Bibi akaja kwenye kashata. Kashata ya Mishi si mchezo, sukari yake inashika. Bibi akauma, kashata ikashika meno, Bibi akavuta, meno yakafuata. Akacheka mwenyewe, kafunika mdomo. Akayatoa yote, ya juu na ya chini, akayafunga kwenye karatasi iliyokuwa na kashata, ukurasa uliochanwa kwenye daftari la shule. Akaiweka mezani, akaenda nyuma kwenye jerikeni kusukutua mdomo. Mishi alikuwa ameelekea karai, anageuza viazi. Kunguru wawili walikuwa juu ya bati.

Na kichochoroni alikuwa anapita Nyanje. Huyu Nyanje ni hamali wa mkokoteni, mifupa na misuli, hana nyama ya ziada. Siku hizo alikuwa akikusanya karatasi. Na Nyanje hasimami. Huvuta mkokoteni uso mbele, akifika penye kibanda hupunguza mwendo tu, na watu wa kibanda hutupia karatasi zao nyuma. Ndiyo desturi yao, miaka nenda miaka rudi.

Meza ikapanguswa. Nyanje akapita. Bibi akarudi.

"Meno yangu iko wapi? Mi nilifunga kwa karatasi."

Mezani hapana kitu. Chini ya benchi hapana. Mkobani hapana.

"Kunguru!" Famau akapiga kelele. "Nimemwona kwa macho haya!"

Bibi akaketi. Kicheko kikamwisha. Akasema, kafunika mdomo kwa kitambaa, kwamba leo wimbo wa katikati ni wa kwake peke yake, wimbo wa Kiswahili aliofundishwa na yaya wake Lubumbashi, na katika safari nzima hii ndiyo bandari pekee ambako watu wangeelewa maneno. Bila meno maneno hayatoki. Hutoka upepo. Akainua ile kadi.

"Mwenye kunirudishia mudomo yangu, hii ni yake."

Mishi akauweka mwiko chini, akatazama bati, akatazama meza, akasema, "Kunguru gani anayeacha viazi akaiba meno? Meza hii ni safi. Mezani kwangu karatasi haziendi juu, zinaenda kwa Nyanje. Na Nyanje akitoka hapa huenda Shimanzi moja kwa moja, kwenye lile ghala lenye mashine ya kubana karatasi. Kitu kikiingia mle hutoka tofali!"

Famau jasho likamtoka, ghafla, kama aliyemwagiwa maji.

"Ingieni!" akasema.

Mishi akazima jiko, akachukua birika la maji moto, ndimu mbili na chumvi, akaruka ndani na Bibi. Na hapo, jamani, ndipo ilipoonekana tuktuk! Famau alipita mahali ambapo hata hewa hugeuza ubavu. Usukani ulikuwa ukimnata vidole kwa ukwaju, lakini hakuuachia. Akakwepa lori, akakwepa mbuzi, akakwepa bwana harusi. Bibi huko nyuma, badala ya kulia, kaanza kucheka tena, kashika kofia kwa mikono miwili.

"Hii ndiyo kuona muji!" akasema. Hayakutoka hivyo, lakini alimaanisha hivyo.

Walipofika Shimanzi, Nyanje alikuwa mlangoni mwa ghala, mkokoteni kauinua tayari kumwaga, mashine inanguruma.

"Nyanje! Usimwage! Kuna meno humo!"

Nyanje akageuka taratibu. "Meno ya nani?"

"Ya Bibi huyu."

Nyanje akamtazama Bibi, Bibi akaondoa kitambaa akamwonyesha.

"Pole, Mama. Ni ya juu ama ya chini?"

Bibi akamwonyesha vidole viwili: yote.

Nyanje akatazama mzigo wake. Tangu alfajiri alikuwa ameupanga, umefungwa kamba, umekaa kama kitanda cha bi harusi. Akatazama foleni nyuma yake. Akauvuta mkokoteni pembeni, akaupindua wote juani, akapiga magoti, akaanza kufungua karatasi moja moja. Mishi na Famau wakataka kusaidia, akawafukuza. "Mtachanganya. Mimi najua kilichotiwa mwanzo na kilichotiwa mwisho." Akafungua za maandazi, za samaki, za miraa. Saa nzima, jua la kuchoma kisogo. Mwishowe akainua ukurasa wa daftari, hesabu za kugawanya, zote zimekosolewa kwa wino mwekundu. Ndani yake, meno, yameuma kipande cha kashata.

Mahamali wote wakapiga makofi. Lakini meno yenyewe yalinuka samaki. Bibi akasita. Mishi akayachukua, akayaosha kwa maji moto na chumvi, akayasugua kwa ndimu, akayaosha tena, akayanusa mwenyewe mbele ya watu. "Sasa weka, Bibi. Hata mimi ningeyavaa." Bibi akayavaa, akajaribu sauti, ikapaa juu ya mashine mpaka mwenye mashine akaizima.

Saa kumi kasorobo! Barabara imejaa malori. Nyanje akatangulia mbele ya tuktuk kwa miguu, akipiga kelele za kihamali, "Kando! Jicho lako, mguu wangu!" na malori yakapisha. Wakafika langoni. Steji nzima imesimama inatazama.

Bibi akashuka, akatoa kadi. "Iko moja tu," akasema. "Nitapatia nani?"

Mishi akasema, "Bibi, ningekaa kimya, sasa hivi ungekuwa unawafuata kunguru. Nani alijua yalikoenda? Mimi. Nani aliyarudisha yakafaa kutiwa kinywani? Mimi. Mwaka wa saba huu nawalisha wanaoshuka kwenye meli hizi. Siku moja na mimi niketi, niletewe."

Nyanje akasema, "Kujua ni kujua tu, Mama. Alijua, lakini hakuyashika. Mimi nilipindua mzigo wangu wote nikayatoa kwa mikono hii. Miaka kumi na mmoja nimebeba magunia kando ya meli kama hizo. Nimezoea ubavu wake. Tumbo sijaliona."

Famau akasema, "Wote mmesema kweli. Lakini mashine ile isingewasubiri. Dakika moja tu, na Mishi angekuwa na akili yake, Nyanje angekuwa na mikono yake, na Bibi angekuwa na tofali. Nani aliiwahi? Na mnajua wenyewe ninavyoitwa hapa. Nipeni dakika kumi ndani, jina hili linitoke."

Siku hiyo hakuna wa steji aliyeuliza ng'ombe.

Bibi akawatazama mmoja mmoja. Akasema, "Mi naenda kutia poda. Wakati narudi, nyinyi watatu mutaniambia jina moja." Akaondoka.

Haya, nyie mlioketi, Bibi yuko kwenye poda. Yupo aliyejua, yupo aliyewahi, yupo aliyeshika. Je, nani alistahili ile kadi?

Naona nyie wa kule nyuma mnasema Famau. Ahsanteni. Ahsanteni sana, ila ngojeni kidogo, kuna mahali nilipita mbio. Sikuongopa! Niliruka tu. Nilisema meza ikapanguswa, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza imepanguswa na nani.

Kwetu mgeni mzima wa miaka themanini hazoi taka zake mwenyewe. Ni aibu ya mwenyeji. Mama yangu alinifunza hivyo kwa kofi na kwa bembelezo, na mimi maisha yangu yote sikuwahi kumsikiliza. Siku ile nikamsikiliza. Nikakusanya karatasi zote za Bibi kwa mikono yangu miwili, mawazo yako kwenye ile kadi, sikujua moja imefungwa meno, ukwaju ukanijaa vidoleni, nikamtupia Nyanje mkokotenini. Adabu yangu ya kwanza tangu nizaliwe. Kunguru sikumwona. Na pale langoni, wenzangu wanasema madai yao, mimi vidole vingali vinanata, nami nikafungua mdomo nikadai kama wao.

Famau ni mimi. Mishi hajui mpaka leo, wala Nyanje, wanadhani Bibi mwenyewe alisahau akatupa, na atakayekwenda kuwaambia, mimi na yeye hatujuani.

Haya, semeni tena, lakini upesi, kabla Bibi hajamaliza poda: nani alistahili?