Abishaye Chini ya Barafu

Enyi hadhirina, waungwana wa kike kwa wa kiume, naomba idhini ya masikio yenu na insafu ya nyoyo zenu, kwani nimebeba shauri lililonishinda kulikata peke yangu.

Hapo zamani, katika mji wa baridi kali ambako ziwa huganda likawa sakafu, walikuwako mabeki wawili wa mpira wa magongo wa barafuni, Shekue na Famau. Kazi yao ilikuwa moja, kisahani kigumu kinachopigwa badala ya mpira kisifike golini. Wakikinge kwa gongo, wakikinge kwa goti, wakikinge kwa kifua.

Mwaka wao wa kwanza wa kucheza pamoja Famau akazama ziwani, mwili wake usipatikane.

Uwanja wa mji ulikuwa ndani ya jumba, na kila mapumziko sakafu yake ilimwagiwa maji yagande upya. Mmwagaji alikuwa Bi Mwanashee. Siku moja bomba liliganda, naye akachota maji palepale alipozama Famau. Alijua kuwa ni mwiko, kwamba achotaye penye maiti, ziwa humdai roho. Akayamwaga.

Tangu hapo Shekue alisikia kitu kikibisha chini ya nyayo zake. Kikibisha kushoto, akaenda kushoto, akakuta kisahani. Kikibisha kulia, akaenda kulia, akakuta kisahani. Alipochungulia, aliona kiganja cheupe kimebandikwa upande wa chini wa barafu, kikimfuata.

"Famau, ndugu yangu, wanitisha," alinong'ona.

"Kaza goti, mvivu wee," barafu ikajibu. "Hata nilipokuwa hai ulikuwa mzito."

Miaka kumi na saba ikapita. Shekue akavunjika mbavu tano, akang'oka meno sita, na jina lake likaimbwa. Bi Mwanashee hakuacha kuchota ziwani, kwani siku aliyomwaga maji ya bomba, kilio kilimfuata hadi jikoni kwake. Baridi ikamla vidole vitatu.

Katika fainali ya mwisho goti la Shekue lilivunjika, akaanguka. Kisahani kikampita yeye, kikampita kipa, kikasimama mstarini pasipo mtu. Chini yake, kiganja. Kombe likatwaliwa na timu ya Shekue.

Mji ule una desturi: kila kizazi jezi moja hutundikwa darini mwa ukumbi wa wazee, na ambaye jina lake limetundikwa, roho yake haitangitangi. Na barafu ilikuwa iyeyushwe kesho yake, jumba livunjwe. Wazee wakauliza palepale uwanjani jezi ishonwe jina gani.

Shekue, akiwa amelazwa juu ya machela, akasema, "Kubisha kulikuwa kwa Famau, mifupa ilikuwa yangu. Sina mtoto, na sitacheza tena. Mkininyima jina, nilivunjikia nini?"

Bi Mwanashee akasema, "Wewe na Famau nyote mliyategemea maji yangu. Vidole vilivyokwenda ni vyangu, na ziwa linanidai mimi. Mwanangu Shekue, wewe utazikwa kwenye udongo mkavu. Mimi je?"

Barafu ikabisha mara moja, taratibu. "Shekue, kesho sitakuwa na pa kushika."

Shekue akateremsha mkono kutoka machelani, akauweka sakafuni. Kiganja kikaja, kikalingana na chake.

Waungwana, jezi ni moja, na sindano imekwisha kutiwa uzi. Je, ni jina la nani lililostahili?

Wa kwanza kunisimulia ni ami yangu, Shambi bin Mahazi, fundi cherehani wa Faza.