Nani Atunze Taa za Isambala?

Tegeni masikio, kesi hii imewashinda wenyewe.

Kiwanja kidogo cha ndege cha Isambala kilikuwa na taa kuukuu. Leo zinawaka, kesho zimelala. Mafundi watatu wakapewa kazi ya kuweka mpya. Nyanzobe, Msukuma, alijua kila mahali nyaya za zamani zilipopita chini ya udongo. Pazi, Mzaramo, hakuwa na mpinzani kwa kuunga nyaya. Chiku alikuwa bingwa wa jenereta.

Meneja aliwaambia kwamba kazi ikiisha, mmoja ataajiriwa kuzitunza. Wakala yamini: yeyote atakayepewa akatae, mpaka waajiriwe wote kwa zamu. Nyanzobe ndiye aliyeitaka ajira hiyo kuliko wote. Mama yake haoni tena, naye amechoka kuzunguka mikoani akimwachia majirani.

Nyanzobe akaonyesha njia, mitaro ikachimbwa bila jembe kugusa waya.

Pazi akaunga viungo mia mbili. Mvua ikapiga wiki nzima, maji hayakuingia hata kimoja.

Siku ya majaribio, giza linaingia na ndege iko angani, umeme ukakatika. Chiku akawasha jenereta kabla rubani hajamaliza kuuliza kulikoni. Ndege ikatua salama. Mtoe mmoja kati yao, isingetua.

Asubuhi Nyanzobe akaitwa kwanza kutia saini mkataba wa ajira. Alishika kalamu, akamkumbuka mama yake, kisha akairudisha mezani. "Bila wenzangu, hapana."

Akaitwa Pazi. Akatia saini.

"Pazi, umeniuza!" Nyanzobe alilia.

"Mtani, si nilikwambia jana? Nilisema, 'Wakinipa nachukua, wewe Msukuma rudi kwenu ukachunge ng'ombe.' Ukacheka mpaka ukakaa chini."

Kweli alicheka. Nani anashika neno la mtani? Hilo ndilo lililomuuma kuliko saini yenyewe.

"Mimi nilijua hatanii," Chiku akasema, macho chini. "Nilinyamaza nisiwagombanishe."

Nyanzobe akawatazama wote wawili, asijue aliyemsaliti zaidi ni yupi.

Meneja aliposikia habari ya kile kiapo, akauchana mkataba wa Pazi na kuandaa mwingine, nafasi ya jina akaiacha wazi. Nafasi ni moja tu.

Je, wewe ungeandika jina la nani? Na ukimpa Nyanzobe, naye akapokea peke yake, atakuwa na tofauti gani na Pazi?