Uzi wa Mhandisi Foruzan

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na maana yake haihitaji mwalimu: mwongo hafiki mbali kabla ya kuumbuka. Behrang aliumbuka milimani Zagros, mbele ya wenzake, kwa sababu ya bakuli la dugh.

Kijana huyo aliajiriwa na kampuni ya mafuta kule Ahvaz, kazi yake kupanga masanduku ya mawe yaliyotolewa visimani. Ghala lenyewe halina dirisha, na joto la Ahvaz halina mswalie Mtume. Mafunzo ya kusoma mikunjo ya miamba ndiyo yaliyokuwa mlango wake wa kutokea. Akifaulu, angeingia kikosi cha utafutaji. Akishindwa, angerudi kwenye masanduku yake.

Mwalimu wao, Mhandisi Foruzan, mama mwenye ulimi mkali kuliko nyundo yake, aliwagawa wawili wawili. Behrang alipangwa na Nargol, binti wa mji wa Shushtar asiyependa mzaha kazini. Nargol alipewa tabaka la chini, lililokuwa wazi korongoni. Behrang alitakiwa kupanda mteremko wa magharibi, apime tabaka la juu limeinama vipi. Kisha wangechora pamoja mlima ulivyo ndani, na kuonyesha mahali pa kuchimba kisima. Alama zingekuwa za wote wawili.

Njiani palikuwa na hema la wafugaji. Mzee mwenye hema akamkaribisha, kama ilivyo ada. Kwa ada hiyohiyo, mtu hukataa, hushukuru, akaenda zake. Behrang hakukataa hata kwa adabu. Akaletewa mkate wa moto na dugh, yale maziwa ya mgando yenye chumvi na nanaa, na kule hata mtoto anajua kuwa dugh na usingizi ni ndugu. Alipozinduka, jua lilikuwa linazama.

"Potelea mbali," alijisemea. "Upande wa mashariki niliupima jana. Mlima una mabega mawili, yatatofautiana nini?"

Akavinakili vipimo vya mashariki, akaviita vya magharibi.

"Umefika mpaka juu?" Nargol alimuuliza kambini.

"Nimefika, dada! Jua limenibabua mpaka nimekoma."

"Haya. Nikianguka kwa sababu yako, utanitambua."

Asubuhi Foruzan aliutazama mchoro wao, akatoa uzi wa kushonea mfukoni. Wanafunzi wakasogea karibu.

"Matabaka haya ni kama mikeka iliyotandikwa pamoja, kisha ikasukumwa ikajikunja," alisema. "Mkeka haupungui urefu kwa kukunjwa."

Akaulaza uzi juu ya tabaka la chini pale mchoroni, akaukata kwa urefu wake. Alipoulaza juu ya tabaka la juu, ukabaki shibiri nzima, unaning'inia.

"Behrang mwanangu, jiwe hili limekwenda wapi?"

"Labda... limeliwa na mvua, Mhandisi."

"Mpaka chini ya ardhi? Mvua hiyo ina meno! Haya, vaeni viatu."

Walipofika mteremkoni, hapakuwa na la kubishana. Alama za mawimbi ya bahari ya kale, ambazo hukaa juu ya jiwe, zilikuwa zinatazama chini. Tabaka lilikuwa limepinduka na kujikunjia chini ya mlima, na huko ndiko ilikojificha ile shibiri. Kisima cha Behrang kingechimbwa pasipo na hata tone la mafuta.

"Si uliniambia umefika juu?" Nargol alifoka.

"Nilikaribishwa dugh..."

"Dugh! Mie nachubuka magoti korongoni, wewe umelala kwa watu!"

Behrang alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini alisogea mbele, akasema, "Nargol hana kosa, Mhandisi. Vipimo nilivibuni mimi."

"Afadhali umesema," Foruzan alijibu. "Aliyekosea kupima namfundisha. Aliyebuni vipimo simpeleki kisimani."

Nargol alipewa nafasi ya kuupima mteremko upya, akafaulu. Behrang alifunga virago kurudi ghalani. Alipopita penye hema, yule mzee alikuwa amesimama nje.

"Karibu dugh, mwanangu!"

Safari hii Behrang alikataa, akashukuru, akakataa tena. Akageuka kuutazama mteremko. Ulikuwa pale pale nyuma ya hema. Siku ile angeufikia kabla birika la chai halijachemka. Machozi yakamlengalenga. Hakika, njia ya mwongo ni fupi.