Nani Atampokea Ndovu

— Nimekuja.
— Umekuja na nini?
— Na neno.
— Lina miguu?
— Lina miguu, halina viatu.
— Basi lipite, njia haina miiba.

Linapita.

Siku ile, penye Dimbwi la Kisiki, walihudhuria hawa. Alihudhuria Kiboko, Mkuu wa Jimbo la Bondeni. Yeye alikuwa ndani ya maji. Alihudhuria Ngiri, Mwenyekiti wa Mtaa wa Matopeni. Wapo wanaomwita nguruwe, nao wanakosea, maana nguruwe ni mwingine. Yeye alikuwa ukingoni. Alihudhuria Korongo, tarishi wa Serikali Kuu, amesimama kwa mguu mmoja kwa sababu wa pili alikuwa anaupumzisha. Alihudhuria Bi Chura binti Umande, raia, asiye na cheo. Walihudhuria na watoto wa Bi Chura, ambao walikuwa bado viluwiluwi, wana mikia na hawana miguu. Idadi yao haikuchukuliwa.

Ndovu hakuhudhuria. Ndovu ndiye aliyekuwa Serikali Kuu. Alikaa Mlimani, kwenye chemchemi yake, na aliyoyataka yalishuka kwa mdomo wa Korongo.

Kiangazi kilikuwa kikali. Mto ulikuwa umekatika, na huko bondeni palibaki dimbwi hilo tu.

Korongo akashusha mguu wa pili, akatangaza:

"Amri ya Mlimani. Maji ya Dimbwi la Kisiki ni ya kunywa. Marufuku kuogelea."

Kiboko akafumbua jicho moja.

"Mpelekee Bwana Mkubwa salamu zangu. Mwambie sera yake tumeisikia. Lakini maji yako ndani ya Jimbo, na sera ya Jimbo ni kuogelea kwanza, kunywa baadaye."

Akageuka upande. Gubu! Maji yakamwagika ukingoni.

Ngiri akakohoa.

"Na Mtaa je? Dimbwi lina ukingo, na ukingo ni wa Mtaa. Sheria ndogo ya Mtaa inasema maji yaachwe yakauke taratibu, yawe tope. Tope ni huduma ya jamii."

"Jamii gani?" Kiboko akauliza.

"Jamii ya ngiri."

"Hiyo sheria yako ni ndogo kama mkia wako."

"Mkia wangu ukisimama unaonekana, Mheshimiwa. Wako hata mkeo hajui uko wapi."

Kiboko akakasirika, akageuka upande wa pili. Gubu! Maji yakamwagika tena.

Korongo akaruka kwenda Mlimani, akarudi na amri nyingine. Amri ikatoka, maji yakashuka. Jimbo likajibu, maji yakashuka. Mtaa ukapinga, maji yakashuka. Kila Kiboko alipojibu aligeuka, na kila alipogeuka yalimwagika maji, na pamoja na maji walimwagika watoto wa Bi Chura. Bi Chura aliruka ukingoni, akawaokota kwa mdomo, akawarudisha mmoja mmoja. Aliowawahi wakapona. Ambao hakuwawahi, jua liliwakausha pale pale juu ya udongo.

Kiluwiluwi kikishaota miguu, dimbwi likauke lisikauke, kitakwenda. Kabla ya miguu hakina pa kwenda. Bi Chura alitaka jambo moja tu: maji yatulie mpaka wanawe waote miguu.

Akaenda kwa Kiboko.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Sema upesi."

"Unapogeuka, wanangu wanamwagika."

"Wanao ni wakazi, na wakazi ni kazi ya Mtaa. Nenda kwa Ngiri."

Akaenda kwa Ngiri.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, Bi Chura. Jambo gani?"

"Kiboko anageuka, wanangu wanamwagika."

"Wako ndani ya maji, na ndani ya maji ni Jimbo. Wakitoka majini waje, nitawashughulikia."

"Wakitoka majini wanakufa."

"Basi hapo ni maziko. Maziko ni ya Mtaa. Karibu sana."

Akamwendea Korongo. Sasa, Korongo na Chura ni watani tangu babu na bibi. Korongo hula vyura, na jambo hilo halikuwahi kuharibu utani wao.

"Mtani, umekonda," Korongo akasema. "Nitakumeza na nini, na chumvi?"

"Mtani, wewe mwenyewe miguu yako ni vijiti vya kuchokonolea meno. Fikisha neno langu Mlimani kwanza."

"Nikiwa kazini sili raia. Ni kanuni. Nikitoka kazini ndipo tutazungumza."

"Basi Mungu akuzidishie kazi."

Korongo akapeleka neno lake, akarudi.

"Bwana Mkubwa anasema Serikali Kuu inatambua umuhimu wa viluwiluwi."

"Halafu?"

"Hapo ndipo alipoishia."

Bi Chura akakaa chini ya jani, akafikiri.

Nchi ile ilikuwa na desturi, nayo ni hii. Mgeni mkubwa hupokewa mpakani. Mwenye nchi humngoja hapo, haondoki, wala hatumi mtu mwingine kumshikia nafasi. Aliyempokea mgeni mkubwa mpakani ndiye mwenye nchi, na neno hilo haliulizwi tena. Mgeni naye haondoki kwake mpaka aambiwe jina la atakayempokea, maana ni aibu kwa mkubwa kumpa mkono mtu asiyehusika. Mpaka wenyewe ulikuwa kwenye Jiwe la Chumvi, uwanda mtupu, mbali na dimbwi. Pale hapana mti wala kichaka.

Bi Chura akatoka chini ya jani.

"Mtani, rudi Mlimani. Mwambie Bwana Mkubwa, raia wanamwomba aje mwenyewe, alitazame dimbwi, aseme maji ni ya nani."

Korongo akaenda. Ndovu alifurahi. Hakuna aliyekuwa amemwalika mahali tangu kiangazi kianze. Akajirushia vumbi jipya mgongoni, akasema:

"Nitakwenda. Waulize, nani atanipokea?"

Korongo akarudi na swali hilo. Wa kwanza kulisikia alikuwa Bi Chura. Akaruka hadi kwa Ngiri, aliyekuwa amepiga magoti akila mizizi, kama ngiri wanavyokula.

"Mwenyekiti, Ndovu anakuja. Anauliza nani atampokea. Kiboko amelala."

"Amelala kabisa?"

"Anakoroma mpaka mapovu yanatoka."

Ngiri hakusubiri kumeza. Mkia juu, wima, mbio: ndi-ndi-ndi-ndi! Vumbi likabaki njiani.

Bi Chura akaruka hadi kwa Kiboko.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Umerudi na vilio vyako?"

"Sina kilio leo. Nimekuja kuyatazama maji ya Mtaa."

"Maji ya nani?"

"Ya Mtaa. Ndovu anakuja, na Ngiri amekwisha kwenda Jiwe la Chumvi kumpokea. Mimi nimeona mkia tu ukipita."

Kiboko akainuka. Dimbwi lote likatikisika, na Bi Chura akaona wanawe wanasukumwa kuelekea ukingoni.

"Taratibu, Mheshimiwa!" akapaza sauti. "Mkuu wa Jimbo hatoki majini mbio kama mwizi wa mihogo. Watu watasemaje?"

Kiboko akaona ni kweli. Akatoka taratibu, hatua kwa hatua, kifua mbele, na maji yakamtiririka chururu, chururu, yakarudi dimbwini. Hakumwagika mtoto hata mmoja.

Akaenda kwenye Jiwe la Chumvi. Akamkuta Ngiri.

"Ondoka hapa," Kiboko akasema. "Mgeni wa Serikali Kuu hupokewa na Jimbo."

"Mgeni akifika ataukanyaga Mtaa kwanza," Ngiri akajibu. "Jimbo atalionea wapi? Jimbo limechorwa hewani."

"Nitakuuma uwe vipande viwili."

"Niume. Bwana Mkubwa akija akukute una damu mdomoni, umpe mkono."

Kiboko akafumba mdomo. Korongo akatua kati yao.

"Bwana Mkubwa anauliza, nani atanipokea?"

"Mimi," akasema Kiboko.

"Mimi," akasema Ngiri.

Korongo akaruka, akapeleka. Ndovu akasikiliza, akatikisa masikio, pwata, pwata.

"Hawawezi kuwa wawili, na mkono nilio nao ni mmoja. Waambie wakubaliane kwanza."

Korongo akarudi.

"Bwana Mkubwa anasema mkubaliane."

"Nimekubali," akasema Kiboko, "kwamba ni mimi."

"Na mimi nimekubali," akasema Ngiri, "kwamba ni mimi."

Korongo akaruka. Ndovu akasema wakubaliane. Korongo akarudi. Kiboko akasema ni yeye, Ngiri akasema ni yeye. Korongo akaruka tena. Kwa hiyo Korongo hakutoka kazini, na kwa kuwa hakutoka kazini, hakula raia.

Jua likawaka. Ngiri akachimba shimo kwa pua, akaingia kinyumenyume, kama ngiri wanavyoingia, uso ukabaki nje ukiutazama mpaka.

"Umeondoka!" Kiboko akasema. "Mmemwona? Ameondoka!"

"Nimeondoka kwenda wapi? Pua yangu hii hapa kwenye jiwe. Mtaa hauhami, Mheshimiwa. Mtaa unachimba."

Kiboko hakuweza kuchimba. Ngozi ya kiboko ni ya majini. Jua likiikuta nje, hutoa jasho jekundu, na jasho likiisha hupasuka. Lile jasho jekundu likamtoka. Baadaye halikumtoka tena.

Korongo akamwonea huruma.

"Mheshimiwa, rudi majini kidogo, ujiloweshe. Nitakuita."

"Nikirudi, huyu atampokea."

"Bwana Mkubwa bado hajaondoka Mlimani. Anakula matawi."

"Nikirudi nimekubali kwamba nchi ni ya Mtaa. Siondoki."

"Utaungua."

"Jimbo haliungui," akasema Kiboko. "Peleka jibu langu. Ni lile lile."

Korongo akalipeleka.

Kule dimbwini maji yalitulia. Hapakuwa na wa kugeuka, wala wa kugaagaa. Ndovu alikuwa Mlimani akingoja jina. Tope likazama chini, maji yakaangaza, na Bi Chura akaweza kuwaona wanawe wote kwa mara ya kwanza. Waliota miguu ya nyuma. Wakaota ya mbele. Mikia ikafupika, ikaisha. Wakawa wanapanda juu ya kisiki, wanasukumana, wanaanguka, chubwi, chubwi, wanapanda tena.

Korongo alipita juu yao akiwa safarini.

"Mtani!" akaita kutoka angani. "Wanao wamenona kweli!"

"Mtani!" Bi Chura akajibu. "Bwana Mkubwa anakungoja!"

Korongo akaangalia chini, akaangalia Mlimani, akaendelea na safari.

"Krua!" Bi Chura akawaita wanawe. "Wenye miguu tutoke. Krua!"

Wakatoka. Waliruka ukingoni mahali pale pale ndugu zao walipokaukia, wakapita, wakaingia kwenye nyufa za mawe kulikobaki ubaridi, kuzisubiri mvua. Bi Chura alitoka wa mwisho. Nyuma yao dimbwi likabaki na maji yake, tulivu, bila mtu.

Hapa ndipo ninapoutua mzigo. Aliyechoka na alale, aliye macho na anijibu.
— Tuko macho.
— Basi lipokeeni funzo.

Funzo la ngano hii ni kwamba Serikali Kuu, Jimbo na Mtaa wakipatana, raia wadogo hustawi. Watoto wanaosimuliwa hukariri hivyo, maana ndivyo linavyotakiwa kukaririwa. Funzo la pili ni kwamba kushika desturi ya mapokezi hakujapata kumdhuru mtu.

Ilibaki safari moja ya Korongo, nayo lazima niitaje ili habari ikamilike. Alifika Mlimani, akainama.

"Wamekubaliana?" Ndovu akauliza.

"Wamekubaliana, Bwana Mkubwa."

"Nani atanipokea?"

"Ngiri, Mwenyekiti wa Mtaa wa Matopeni."

"Na Kiboko hakupinga?"

"Kiboko amefariki."