Nyumba Iliyokuwa Mgongoni mwa Ngamia

Mgeni akifika, ngamia hushushwa mzigo.

Niliwasikia mkicheka jana, baba yenu alipoitamka methali hii mbele ya wageni. Wewe Kioko ukamnong'oneza dada yako, "Sisi Wakamba wa Mbooni ngamia tumewatoa wapi?" Ni swali la haki. Huku kwetu kuna kahawa na migomba, na mzigo hubebwa na punda au na mgongo wa mwanamke. Methali hii haikuzaliwa huku. Mimi nilikuwapo ilipozaliwa, na baba yenu Mutinda alikuwapo pia, ila yeye nilikuwa nimembeba mgongoni na hakumbuki lolote. Basi wewe na Mwikali sogeeni karibu niwaeleze ilivyokuwa.

Babu yenu Kyalo alikuwa mwalimu kijana, na Serikali ikampeleka kufundisha katika shule moja ndogo ng'ambo ya jangwa la Chalbi, kule kaskazini ya mbali. Mama mkwe wangu alilia kana kwamba tunakwenda kuzikwa. Mimi sikulia. Nilijua tu kwamba mume hapelekwi mahali kama pale peke yake, nikafunga vyombo vyetu, nikambeba mwanangu ambaye bado hajaota jino, tukaondoka.

Marsabit mjini tulikodi gari kuukuu lenye turubai. Dereva wake aliitwa Huka, Mborana mwenye sauti nene na maneno machache. Tuliteremka mlima asubuhi kungali na ukungu, na kufikia adhuhuri tulikuwa tumeingia katika nchi ambayo sikuwahi kuiota. Hakuna mti. Hakuna kilima. Ardhi imelala tambarare, nyeupe kwa chumvi, na mbele yetu maji yanametameta. Nilifurahi nikasema, "Ziwa lile!" Huka akatikisa kichwa. "Mama, hayo ni mazigazi. Ukiyafuata utakufa kwa kiu ukiyatazama."

Kumbe hatari yetu haikuwa kukosa maji, ilikuwa maji yenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha kwenye milima ya mbali, maji yakateremka yakajificha chini ya ule ukoko wa chumvi. Juu pakavu, chini tope. Gari lilikwenda vizuri, mara likainamisha pua kama ng'ombe anywaye, likazama hadi kwenye ekseli. Huka na babu yenu walichimba kwa jembe, wakachimba kwa mikono, wakatanguliza mbao mbele ya magurudumu. Kila gari lilipounguruma lilizama zaidi. Jua likaanza kuinama, na upepo ukaamka.

Upepo wa Chalbi si huu wenu wa kuangusha maembe. Unakuja na mchanga, unachoma masikio, na jua likishatua unageuka kuwa baridi. Turubai la gari lilikuwa limechanika upande mmoja. Maji ya kunywa yalikuwa yamebaki kidogo tu kwenye kitako cha dumu. Mtoto alinyonya akalia, akanyonya tena akalia, nami nikajua kifua changu kinakauka.

Huka akasimama juu ya boneti, akakinga macho kwa kiganja, akatazama kwa muda mrefu.

"Naona ngamia," akasema.

Babu yenu akamuuliza, "Ngamia au mazigazi?"

"Mazigazi hayana mbwa. Nimesikia mbwa. Twendeni kabla giza halijaingia. Palipo na ngamia pana nyumba, na palipo na nyumba mtoto huyu atalala."

Tukatembea. Babu yenu alibeba dumu na blanketi, mimi nikambeba mwanangu na kumfunika kwa leso mbili. Ukoko wa chumvi ulikuwa ukivunjika chini ya miguu yetu kama maganda ya mayai. Nilikuwa nikijisemea moyoni neno moja tu: nyumba. Nilikuwa tayari kulala hata katika kibanda cha mbuzi.

Tulipofika nilitaka kuketi chini nilie. Nyumba haikuwapo. Palikuwa na majivu, mawe yaliyopangwa duara mahali ambapo nyumba zilikuwa zimesimama, na ngamia kadhaa waliofungwa mmoja nyuma ya mwingine, mizigo ikiwa imefungwa migongoni tayari kwa safari. Fito ndefu zilizopindwa zilitokeza kila upande wa ngamia wa mbele kama mbavu. Kati yake palifungwa mikeka, ngozi na vyombo vya maziwa. Huka akanieleza taratibu, "Hawa ni Wagabra. Hiyo unayoiona juu ya ngamia ndiyo nyumba."

Mtabisha hodi wapi, wajukuu zangu, mlango ukiwa mgongoni mwa ngamia?

Palikuwa na mzee mmoja mwenye kilemba cheupe, Elema jina lake, na mke wa mwanawe, mwanamke mrefu aliyeitwa Talaso, na binti mdogo wa Talaso. Mume wa Talaso alikuwa mbali na kundi lingine la wanyama. Wenzao wa kijiji kizima walikuwa wameondoka tangu asubuhi kuwahi dimbwi la maji mahali mvua iliponyesha. Wao walibaki nyuma kwa sababu ngamia wao mmoja alikuwa amezaa, wakangoja ndama apate nguvu. Sasa ndama alikuwa amekwisha kuwekwa juu ya mzigo, nao walikuwa wanaanza safari ya usiku wawafuate wenzao. Lau tungechelewa kidogo tu, tungekuta majivu peke yake.

Huka na mzee wakaanza kusalimiana. Waliulizana amani ya watu, amani ya ngamia, amani ya mbuzi, habari za mvua, habari za njia. Mimi nilitamani kupiga kelele. Mtoto alikuwa ameacha kulia, na mama yeyote anajua kwamba kunyamaza kwa namna ile kunatisha kuliko kilio.

Hatimaye mzee akatutazama, akasema neno. Huka akatutafsiria: "Anauliza mnataka nini."

Babu yenu alikuwa mtu wa haya. Akasema, "Mwambie tulikuwa tunatafuta mahali pa kulala. Lakini tumeona wanasafiri. Tunaomba maji kidogo tu ya mama mtoto, halafu tutarudi kwenye gari. Hatutaki kuwakawiza."

Huka akafikisha. Mzee akasikiliza, kisha akanyoosha fimbo kumwelekea Talaso.

"Anasema nyumba si yake," Huka akatuambia. "Kwao nyumba ni ya mwanamke. Anasema tumuulize mwenye nyumba."

Talaso hakungoja kuulizwa. Alinijia, akafunua leso, akamtazama mwanangu. Akamgusa shavu kwa nyuma ya vidole. Kisha akageuka akatazama upande wenzake walikokwenda, ambako vumbi lao lilikuwa limetoweka zamani, akatazama na jua lilivyobaki. Niliuona uso wake. Ulikuwa uso wa mtu anayejua vizuri gharama ya jambo analotaka kufanya.

Akamwendea ngamia wa mbele, akashika kamba, akatoa sauti fulani ya kooni. Ngamia akanung'unika, akakunja miguu ya mbele, kisha ya nyuma, akakaa. Talaso akaanza kufungua mafundo.

Nikashtuka. "Huka, mwambie asifungue! Watachelewa maji! Mwambie maji ya kunywa yanatosha!"

Huka akamwambia. Talaso akajibu bila kuacha kazi yake.

"Anasema mafundo ni yake, amefunga mwenyewe na atafungua mwenyewe. Anakwambia umshikie fito hii."

Babu yenu bado alikuwa anaona haya. Akamgeukia mzee, akasema, "Mzee wangu, tumewavunjia safari."

Mzee Elema akamtazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeuliza kwa nini maji yanalowesha. Akasema maneno machache, akaenda kuwashushia mizigo ngamia waliosalia. Tukamngoja Huka.

"Anasema safari haijavunjika. Anasema, mgeni akifika, ngamia hushushwa mzigo. Basi. Ngamia atapakiwa tena kesho."

Hayo ndiyo maneno yenyewe. Siku ile hayakuwa methali. Mzee alijibu tu kama mtu anayeeleza jinsi mambo yanavyofanywa kwao.

Tukaijenga nyumba, mimi na Talaso na bintiye. Babu yenu alipojaribu kushika fito, yule binti aliangua kicheko hadi akaziba mdomo. Kwao mwanamume hajengi nyumba. Tulichomeka fito, Talaso akazikutanisha juu na kuzikaza kwa kamba, tukatandaza mikeka, na upande wa upepo tukaweka ngozi. Kabla giza halijakaza, mahali palipokuwa na majivu palisimama nyumba ya mviringo, na ndani yake moto, na juu ya moto chai ya maziwa ya ngamia. Nilikunywa hadi jasho likanitoka. Kitanda kilikuwa kimoja, cha fito na ngozi. Talaso alituonyesha kwa mkono, mimi na mtoto tupande. Nilipokataa, alinisukuma begani kama dada mkubwa. Yeye na bintiye walilala chini, karibu na mlango.

Upepo wa usiku huo ulivuma kama lori lisilopita. Mara moja nilizinduka nikamwona Talaso ameketi, ameegemeza mgongo wake kwenye fito za upande wa upepo zisilegee. Mwanangu alikuwa ananyonya. Maziwa yalikuwa yamerudi. Nililia kimya kimya, wajukuu zangu, na si kwa huzuni.

Asubuhi mzee Elema na Huka walikwenda na ngamia wawili na kamba ndefu. Wakatandika vichaka vikavu chini ya magurudumu, ngamia wakavuta, gari likatoka likiwa limepakwa tope kama kiboko. Mzee akamwonyesha Huka njia ya ardhi ngumu ya kuambaa kando ya uwanda ule wa chumvi. Tuliporudi, nyumba ilikuwa imekwisha kufungwa, na ngamia walikuwa wamepiga magoti wakingoja mzigo.

Babu yenu akatia mkono mfukoni. Huka akamshika kifundo cha mkono. "Mwalimu, usimtukane mama wa watu."

Basi nikampa Talaso sukari na majani ya chai, akapokea kwa mikono miwili. Akauliza jambo moja tu: mtoto anaitwaje? Nikamwambia Mutinda, na kwamba kwetu maana yake ni anayekawia, kwa sababu alikawia tumboni hadi wakunga wakaanza kunong'onezana. Huka alipomfasiria, Talaso alicheka hadi akaishika fimbo ya mkwewe. "Anasema, kumbe ndiyo maana ametukawisha!"

Tukaagana. Sikujua neno la kwao la kushukuru. Nilimshika mikono yote miwili nikashindwa kuiachia.

Miezi ikapita. Siku moja Huka alipita shuleni kwetu, nikamuuliza habari za Talaso. Akasema walipofika kwenye dimbwi, mifugo ya waliotangulia ilikuwa imelikanyaga likawa tope tupu. Wakalazimika kuendelea hadi kisima cha mbali, na yule ndama hakufika. Alikufa njiani.

Nikaketi juu ya gunia la mahindi nikalia.

"Usilie, mama," akasema Huka. "Nami nilimpa pole. Unajua alinijibu nini? Aliniuliza kama mtoto ameota jino."

Mwisho wa mwaka ule shule ilifungwa. Lori pekee la kuelekea kusini lilikuwa limesimama uwanjani, na vyombo vyetu vilikuwa vimepakiwa. Nilikuwa nimemkumbuka mama yangu mno, na Krismasi ilikuwa karibu. Ndipo gari la mizigo likatokea upande wa pili, likamshusha kijana mmoja mwalimu mgeni aitwaye Wekulo, aliyehamishiwa kwetu. Macho yalikuwa mekundu, anatetemeka kwa malaria, na pale shuleni hakuna anayebaki, nyumba zote zimefungwa. Akatuambia kwa sauti ndogo, "Nendeni tu. Nitajilaza hapa ofisini, nitapona."

Babu yenu alinitazama. Nami nilimtazama. Akamgeukia utingo wa lori akasema, "Mgeni akifika, ngamia hushushwa mzigo."

Utingo akashangaa. "Ngamia gani, mwalimu?"

"Huyo huyo uliyesimama juu yake. Teremsha masanduku."

Lori likaondoka bila sisi. Tulimuuguza Wekulo kwa uji na dawa za zahanati hadi akasimama. Krismasi ile tulikula wali mkavu, na sijala sikukuu tamu kama hiyo tena. Wekulo alipopata nguvu aliuliza maana ya maneno yale, tukamweleza. Naye akawaambia walimu wengine, madereva wa njia ile wakayachukua, na kila tulikohamishwa tuliyakuta yametutangulia au tukayaacha nyuma yetu. Hivyo ndivyo jibu la mzee mmoja lilivyogeuka methali.

Talaso sikumwona tena. Neno la kwao la shukrani nilikuja kujifunza baadaye, "galatoomi," lakini wa kumwambia alikuwa ameshahama na nyumba yake. Kwa hiyo nimekuwa nikilitoa kwa njia nyingine. Mtu akibisha hapa nikiwa nimefunga kilemba cha kwenda kanisani, nakifungua. Nikiwa nimezima jiko, naliwasha. Baba yenu naye anafanya hivyo, nanyi mnaona anawacheleweshea safari zenu. Msimnung'unikie. Yeye yuko hai kwa sababu mwanamke mmoja, mwenye haraka ya kweli na hasara iliyomngoja mbele, alishika kamba ya ngamia wake akamwambia apige magoti.

Mgeni akifika, wajukuu zangu, ngamia hushushwa mzigo.